Andika Kumi

Sehemu ya tisa

Mlimwacha Bi Dodoso Jumamosi iliyopita kidole kikiwa hewani juu ya kitufe, na najua wapo walionilaani wiki nzima. Haya. Kidole kimeshuka.

"Haloo?"

Sauti ya mdogo wake. Kitinda, kitindamimba wa mama yao, mwalimu wa chekechea, aliyezikwa miezi minne iliyopita. Ilikuwa inacheka, kama kawaida yake, hata kabla hajajua anaongea na nani.

Bi Dodoso akashika meza kwa mikono miwili.

Kama leo ndiyo siku yako ya kwanza nasi, msomaji, jua hili tu. Bi Dodoso anaongoza chumba cha simu cha kampuni moja ya kuunda magari. Kila anayenunua gari jipya hupigiwa siku ya tisini na kuulizwa maswali thelathini na mawili. Milango inafunga vizuri? Injini ina kelele? Breki je? Mteja hutoa alama, moja hadi kumi, na majibu hujumlishwa ili kiwanda kijue gari lake ni zima au linaumwa. Asubuhi hiyo mteja mmoja alipiga simu akifoka kwamba breki ya gari lake, liitwalo Njiwa, inazama. Bi Dodoso akatafuta neno "inazama" kwenye simu zote zilizorekodiwa. Namba ya marehemu ikatokea.

Hakuwa anajua kwamba Kitinda aliwahi kuhojiwa. Kanuni inakataza kumpigia ndugu yako, kwa hiyo simu ile ilipigwa na mwenzake wa meza ya pili, mama wa makamo ambaye, kwa utamu wa sauti yake, wote humwita Asali.

"Tumefika kwenye breki, mama," Asali alikuwa akisema kwenye rekodi. "Kumi ni nzuri kabisa, moja ni mbaya kabisa."

"Breki..." Kitinda akasita. "Asubuhi ukikanyaga inazama. Inakwenda chini kama unakanyaga tope. Ukikanyaga mara ya pili ndiyo inashika."

"Basi niandike tatu? Nne?"

"We! Andika kumi."

"Si umesema inazama, mama?"

"Dada yangu yuko hapohapo kwenu, huyo mnayemwita Bi Dodoso. Ametuambia Njiwa likipata alama mbaya watu watapunguzwa kazini. Mimi ndiye nimchimbie shimo dada yangu? Andika kumi."

"Dodoso linataka ukweli."

"Ukweli ni kwamba nampenda dada yangu. Andika kumi, twende swali lingine."

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikapaa: "Waambie hiyo breki! Si nimesema uwaambie?"

"Nyamaza wewe!" Kitinda akaangua kicheko. "Nitawaambia siku nyingine."

Bi Dodoso akatazama tarehe ya simu ile. Siku kumi na tisa kabla ya ajali.

Hakukuwa na siku nyingine.

*

Alilia kimyakimya, vile wanavyolia watu wa chumba cha simu, maana kulia kwa sauti kungeingia kwenye masikio ya wateja wa wenzake wanane.

Asali alimwona. Akavua vifaa vya masikioni, akaja, akachuchumaa kando ya kiti.

"Umeisikia," akasema.

"Uliijua?"

"Niliijua."

"Miezi minne, Asali!"

"Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimejipanga nikuambie. Nikifika nikiona hayo macho, nageuza. Mficha maradhi, mwenzangu. Sasa kilio kimenifichua." Akamshika mkono. "Lakini sikunyamaza kabisa. Alama niliandika kumi kama alivyotaka mteja. Kwenye kisanduku cha maoni nikaandika kwa mkono wangu: breki inazama asubuhi. Fungua uone."

Wakafungua. Kisanduku kilikuwa cheupe kama sanda.

"Kuna mtu kafuta," Asali akasema.

Machozi ya Bi Dodoso yakakauka papo hapo. Hasira ni kitambaa kizuri cha kufutia machozi. "Leo nitamjua," akasema. "Na akinijua mimi, atatamani angezaliwa bubu."

Kila badiliko kwenye jedwali lile hubaki na namba ya mfanyakazi aliyelifanya. Akasogeza mpaka safu ya mwisho.

Sifuri, nne, moja, saba.

Asali aliisoma ile namba kwenye kioo. Halafu akaisoma tena, kwenye beji iliyoning'inia kifuani kwa Bi Dodoso.

Bi Dodoso akaifunika beji kwa kiganja.

Kazi hiyo wao huiita kufagia. Kila mwisho wa mwezi, kabla majibu hayajapanda kwa wakubwa, mkuu wa chumba, yaani yeye mwenyewe, huyasafisha. Mteja akitoa alama ya juu huku maoni yake yakilalamika, maoni hufutwa, kwa sababu hesabu haiwezi kuwa na vichwa viwili. Meneja wa ubora ndiye aliyewafundisha hivyo. Unachagua safu nzima, unabonyeza mara moja. Mwezi ule Bi Dodoso alifagia maoni mia mbili na kumi na manne, mkono wa kulia kwenye kitufe, wa kushoto kwenye kikombe cha chai.

Hakusoma hata moja.

*

Kompyuta, msomaji, haina usahaulifu wa binadamu. Ukifuta, yenyewe hutupa jalalani, na jalala lile hutunzwa nusu mwaka. Asali akalifungua. Maoni mia mbili na kumi na manne yakarudi kama watu waliofufuliwa.

"Gari zuri sana ila breki inachelewa kidogo."

"Nimeridhika. Breki mara nyingine inazama, fundi atazame akipata nafasi."

"Kumi! Ila mwambieni mtu wa breki..."

Yaliyotaja breki yalikuwa arobaini na sita. Wote walitoa alama ya juu. Mtu akinunua gari lake la kwanza jipya huwa kama yuko arusini. Nani atasimama katikati ya ukumbi aseme bibi arusi ana kengeza? Waliona haya kulalamika. Wakanong'ona kwenye kisanduku. Na mnong'ono ukafagiwa.

Bi Dodoso akachapisha karatasi, akapanda ngazi kwa meneja wa ubora.

Huyo wanamwita Mzee Asilimia. Inasemekana hata mke wake alipomuuliza kama anampenda, alijibu kwamba kwa robo hii ya mwaka hali ni ya kuridhisha. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheka.

Akazisoma zile karatasi. Akabonyeza kikokotoo.

"Arobaini na sita kati ya Njiwa elfu mbili mia moja na tisini," akasema. "Asilimia mbili nukta moja. Mstari wetu wa kusimamisha gari ni asilimia tano."

"Mzee, mdogo wangu hakufa asilimia mbili nukta moja. Alikufa mia kwa mia."

Mzee Asilimia akavua miwani. "Nilikuja kwenye mazishi yake. Usinifanye mtu mbaya. Bodi inakutana baada ya wiki mbili, tutalipeleka pale kwa utaratibu."

"Wiki mbili hawa watu wanaendesha."

"Basi kalipeleke leo." Akasukuma karatasi kuelekea kwake, taratibu. "Lakini watauliza nani alifuta. Namba itakayotokea si yangu."

"Wewe ndiye uliyeniagiza!"

"Kwa maandishi?"

Bi Dodoso akazikusanya karatasi zake.

Alishuka ngazi akiwa amezeeka. Chini, Asali alikuwa amesimama na ile orodha mkononi.

"Amesemaje?"

"Wiki mbili." Bi Dodoso akachukua mkoba wake. "Wapigie wote. Waambie waegeshe magari popote walipo, wasiyawashe tena."

"Tutafukuzwa sisi."

"Ndiyo."

Asali akavuta pumzi, akarudi kwenye kiti chake, akavaa vifaa vya masikioni. "Nianze na yupi?"

"Wa juu kabisa. Shuka mpaka chini. Mimi nina mtu wangu wa kumwona."

*

Mtu wake alikuwa seremala.

Ni shemeji yake, mume wa Kitinda, aliyekuwa kwenye usukani siku ile ya ajali, mteremkoni. Alitoka kwenye ajali na mguu mbovu. Aliwaambia polisi breki ilizama. Kampuni ikaleta fundi wake, akalikagua lile gari lililopondeka, akaandika: breki nzima. Kosa likabaki kuwa mbio za dereva. Na makaburini, mbele ya watu wote, Bi Dodoso ndiye aliyemnyooshea kidole akapiga ukelele: "Muuaji! Umemuua mdogo wangu kwa mbio zako!" Mama yao akamchukua mtoto wa marehemu, binti wa miaka mitatu, akamwambia baba yake asikanyage tena kizingiti cha nyumba yake.

Na msisahau ni nani aliyewashauri wanunue Njiwa. "Gari letu nalijua," Bi Dodoso aliwaambia. "Majibu ya wateja nayasoma mimi."

Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani palikuwa na godoro limekunjwa. Alikuwa anaishi humohumo. Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Kama umekuja kunitukana," akasema bila kugeuka, "subiri nimalize ubao huu."

"Nimekuja kutukanwa, shemeji."

Randa ikasimama.

Akamweleza. Alama kumi, kisanduku, kufagia, namba yake mwenyewe. Hakuruka kitu, maana alijua akiruka kimoja hatarudi kukisema. Seremala alimsikiliza akiwa ameshika ubao kana kwamba ungeanguka.

Alipomaliza, seremala akauweka ubao chini. Halafu akauliza swali ambalo Bi Dodoso hakulitegemea.

"Kwa hiyo... nilikanyaga?"

"Nini?"

"Breki. Nilikanyaga?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia njia. "Miezi minne, shemeji. Polisi wamesema sikukanyaga. Mama amesema sikukanyaga. Fundi wenu kaandika breki nzima. Nikaanza kujiuliza, labda kweli. Labda mguu uliganda. Huwa nakaa kwenye kigoda hiki nakanyaga sakafu, nakanyaga, najaribu kukumbuka. Sasa sikumbuki tena."

"Ulikanyaga."

"Sema tena."

"Ulikanyaga, shemeji. Ulikanyaga ikazama."

Akaketi chini, kwenye maranda, kama mtu aliyekatwa kamba. Akalia. Nimewahi kusikia wanaume wakilia, lakini kilio cha mtu aliyeanza kuamini kwamba yeye ni muuaji, halafu akaambiwa siye, sikiandiki hapa. Kalamu haina nguvu hiyo.

Baadaye akajifuta kwa kiganja chenye vumbi. "Umesema ipo sauti yake."

Bi Dodoso alikuwa ameinasa kwenye simu yake, kitu kilichokatazwa na kanuni. Akaicheza. Seremala alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Rudisha pale."

"Wapi?"

"Pale aliponiambia ninyamaze."

Nyamaza wewe! Na kile kicheko.

"Tena."

Nyamaza wewe!

"Tena, shemeji."

Mara nne. Mara tano. "Kwingine kote alikuwa anaongea na watu wa kampuni," akasema. "Hapo tu ndipo alipokuwa anaongea na mimi."

Akasimama kwa kujivuta, akaipangusa suruali.

"Unakumbuka uliloniambia makaburini?"

"Nakumbuka."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Lakini twende kwa mama. Namtaka mwanangu."

*

Jua lilikuwa bado lipo walipofika. Mama alikuwa mlangoni anakunja nguo za mjukuu, zile ndogondogo. Alipomwona mkwewe alisimama, na nguo zote zikaanguka.

"Nilisema nini mimi kuhusu kizingiti hiki?"

"Mama, hakuwa na kosa," Bi Dodoso akasema. "Breki ilizama. Kitinda mwenyewe alisema kabla hajafa. Sauti yake ninayo."

Akaicheza. Mama akashika fremu ya mlango. Mwanawe mdogo alicheka kutoka ndani ya kile kisimu kama yuko chumba cha pili anatandika kitanda.

Ikaisha.

"Sasa kama alisema," mama akauliza polepole, "kwa nini hawakulitengeneza?"

"Yalifutwa, mama. Maneno yake yalifutwa."

"Na nani?"

Ndugu msomaji, palikuwa na njia ya kutokea. Angesema kampuni. Angesema meneja. Mama ni mtu mzima, hajui beji wala safu ya mwisho. Seremala mwenyewe alitazama chini, akamwachia nafasi.

"Na mimi, mama."

Mama akaiachia fremu ya mlango.

"Uliyasoma kabla hujayafuta?"

"Sikuyasoma. Yalikuwa mengi. Nilibonyeza tu."

Mama akatikisa kichwa, taratibu sana. "Heri ungeyasoma ukayafuta. Ningejua nina binti mbaya, nikalia, nikamaliza. Sasa sijui nina nini."

Ndipo mtoto alipotokea nyuma ya sketi ya bibi yake. Akamtazama yule mwanamume mwenye vumbi la mbao. Miezi minne ni mingi kwa mtu wa miaka mitatu. Akatazama, akatazama.

"Baba, mguu umefanyaje?"

Seremala akapiga magoti pale pale uani, mguu mbovu na mzima, akafungua mikono.

Mama aliwaangalia wawili hao. Uso wake ulikuwa unapigana vita ambavyo sitaki kuvisimulia. Kisha akajisogeza pembeni ya mlango.

"Mwanangu," akamwambia mkwewe, "nilikulaani, na laana ilikuwa na mwenyewe. Ingia ndani. Hapa ni kwako."

Seremala akambeba mtoto, akaingia. Bi Dodoso akainua mguu kumfuata.

Mlango ukafungwa.

Haukubamizwa. Ulifungwa kwa adabu, kama unavyomfungia mgeni aliyekosea nyumba, na kitasa kikalia upande wa ndani. Bi Dodoso akabaki uani katikati ya nguo ndogondogo zilizoanguka. Hakugonga. Akainama, akaanza kuziokota moja moja, akazikunja upya.

Alikuwa kwenye soksi ya nne simu ilipoita.

"Ni mimi," Asali akasema. Ile asali ilikuwa imetoka sautini. "Nimewapata thelathini. Wameegesha, mmoja kanitukana, lakini kaegesha. Sasa huyu wa thelathini na moja..."

"Hataki?"

"Yuko barabarani. Anashuka mlima. Nilikuwa bado namweleza, akaanza kupiga kelele. Nakuunganisha, mimi sijui nimwambie nini!"

Mlio. Kisha sauti ya mwanamume, na nyuma yake watoto, zaidi ya mmoja.

"Dada? Dada, inazama! Nakanyaga inakwenda chini! Nakanyaga mara ya pili, haishiki! Nifanye nini?"

Miaka kumi na moja Bi Dodoso amewauliza watu kuhusu breki zao. Katika maswali thelathini na mawili, hakuna hata moja lililomfundisha kujibu hilo.

Lakini alimjua mtu mmoja aliyewahi kuwa kwenye kiti kile, kwenye mteremko, mguu ukiwa umezama.

Akaurukia mlango kwa ngumi zote mbili.

"Shemeji! Fungua! Kuna mtu mlimani, breki imezama, ana watoto! Ilipozama kwako ulifanya nini?"

Sauti ya seremala ikaja karibu sana na ubao, nzito, imevunjika.

"Shemeji... nilichofanya mimi ndicho kilichomuua Kitinda."

"Basi niambie nisimwambie nini!"

Kitasa kikageuka. Na kwenye simu, honi ikaanza kulia, ikawa haikatiki.